Ekseli Iliyolika na Beringi za Gari la Punda: Namna ya Kuzitengeneza



Tangu mpango wa makao wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, wengi wetu tumepata mashamba yaliyo mbali na barabara ya lami. Maziwa, viazi, kabeji na hata maji ya kunywa hupita kwanza katika njia ya udongo. Huku Kinangop kazi hiyo ni ya punda, na kule Mwea, katika mashamba ya mpunga, ni ya ng'ombe. Basi mkulima asemapo "gari langu", mara nyingi anataja sanduku la mbao, magurudumu mawili ya mpira, na ekseli iliyotolewa katika motokaa kuukuu.

Mbao za gari zikivunjika, kila mtu huona. Lakini ekseli na beringi hulika ndani, gizani, na mwenye gari hana habari. Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa hasara. Gari letu la nyumbani lilianza kulia katika gurudumu la kushoto. Mdogo wangu aliniambia mara mbili, nami nikamjibu kwamba tutalitazama mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi haujafika, asubuhi moja ya mvua, gurudumu lilichomoka mteremkoni. Mikebe miwili ya maziwa ikamwagika, na punda akaangushwa na mti wa gari akaumia bega. Alikaa wiki tatu bila kazi. Nilipojumlisha gharama za daktari wa mifugo na maziwa tuliyoshindwa kuyafikisha siku zile, niliona kuwa beringi mpya zingenigharimu kidogo sana. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi leo tujifunze kuuziba ufa huu.

GURUDUMU HUZUNGUKAJE?

Ekseli ya gari la punda haizunguki. Imefungwa chini ya sanduku, na gurudumu ndilo linalozunguka juu ya ncha yake. Katikati ya gurudumu pana chuma kizito chenye tundu, kiitwacho habu. Ndani ya habu mna beringi mbili: kubwa upande wa ndani, na ndogo upande wa nje.

Kila beringi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kikombe, yaani pete ya chuma iliyobanwa ndani ya habu. Ya pili ni moyo wa beringi, wenye vijiti vifupi vya chuma viitwavyo rola, vilivyopangwa katika kizimba chembamba. Rola hizi ni nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili, na kwa hiyo beringi hii huweza kubeba mzigo unaokandamiza kutoka juu na pia ule unaosukuma kutoka ubavuni, kama gari lipitapo mahali penye mwinamo. Nyuma ya beringi ya ndani pana pete ya mpira, iitwayo sili, ambayo huzuia grisi isitoke na matope yasiingie.

Mambo yaharibuyo beringi ni manne: matope na maji, kukosa grisi, nati iliyokazwa vibaya, na mzigo kupita kiasi. Mifuko 12 ya viazi ya kilo 50 ni kilo 600. Hapo kila gurudumu lina kilo 300, bila kuhesabu uzito wa gari lenyewe, na shimo la njiani huongeza kishindo juu ya hizo.

DALILI ZA UHARIBIFU

Usingoje gurudumu lichomoke. Tazama dalili hizi:

1. Sauti ya kusaga au kulia, ambayo huongezeka gari likiwa na mzigo.
2. Habu kuwa na moto baada ya safari. Gusa habu zote mbili kwa mgongo wa mkono. Kama moja ina moto na ya pili ni baridi, ile ya moto ina shida.
3. Grisi kutoka nyuma ya gurudumu na kupaka tairi.
4. Gurudumu kulala upande, au tairi kulika upande mmoja.
5. Punda kuvuta kwa taabu mahali alipozoea kupita kwa urahisi. Mnyama hasemi, lakini mwendo wake husema.

Kisha ufanye jaribio. Shusha mzigo wote na umfungue punda. Kamwe usiinue gari hali mnyama yumo ndani yake, maana akishtuka ataliangusha juu yako. Weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu moja, na uegemeze miti ya gari juu ya kigogo imara. Inua upande wa pili kwa jeki, kisha uweke gogo nene chini ya ekseli. Jeki peke yake haitoshi, huteleza.

Sasa shika gurudumu, mkono mmoja juu na mmoja chini, ulitikise kwa kuvuta na kusukuma. Likicheza kiasi cha kuonekana kwa macho, beringi zimelegea au zimelika. Halafu lizungushe polepole huku umeshika ekseli kwa mkono wa pili. Beringi nzima huzunguka kimya. Beringi mbovu utaihisi mkononi kama mtu asagaye mchanga.

VYOMBO VINAVYOTAKIWA

Tayarisha jeki, gogo, spana za kutosha, nyundo, koleo, kipande cha shaba au chuma laini cha kugongea, karai, mafuta ya taa au dizeli, vitambaa safi, msasa laini, na kopo la grisi ya beringi za magurudumu. Usioshe kwa petroli, kwani cheche moja ya moto yatosha kuleta msiba. Nunua pini mpya na sili mpya kabla ya kuanza kazi. Hivi viwili havirudishwi vikishatolewa.

KUFUNGUA NA KUKAGUA

Futa matope yote ya nje kwanza. Ng'oa kifuniko cha habu kwa kukigonga kidogo kidogo kuzunguka. Nyosha miguu ya pini na kuichomoa, kisha ufungue nati na kutoa washa. Vuta gurudumu kidogo kuelekea kwako, na beringi ndogo itatokea mbele. Iondoe kwa mkono, halafu utoe gurudumu lote. Vitu vya kushoto viweke kando ya kushoto, na vya kulia kando ya kulia. Visichanganyike.

Ondoa sili, utoe beringi ya ndani, na uoshe kila kitu katika karai mpaka hakuna grisi ya zamani. Kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Sasa kaa mahali penye mwanga, utazame kwa makini:

Kama rola au kikombe kina vishimo vidogo mithili ya makovu ya ndui, beringi imekwisha. Kama chuma kimegeuka rangi kuwa ya buluu au kahawia, kimeungua kwa kukosa grisi au kwa kukazwa mno. Kama kikombe kina alama zilizopangana sawa na nafasi za rola, gari lilipigwa kishindo likiwa na mzigo mzito. Kama kizimba kimepasuka au kupinda, usikinyoshe. Katika hali hizi zote, nunua beringi mpya. Tena, ubadilishe moyo na kikombe pamoja. Moyo mpya ukiwekwa katika kikombe cha zamani utalika upesi, nawe utakuwa umenunua mara mbili.

NAMBA YA BERINGI

Kila beringi imepigwa namba ubavuni. Isafishe, uisome, na uiandike katika daftari kabla ya kwenda dukani. Beringi za rola zenye vipimo vya milimita huanza mara nyingi na 302. Chukua tarakimu mbili za mwisho na uzizidishe kwa 5, utapata upana wa tundu. Kwa mfano, 30205 ina tundu la milimita 25 (05 mara 5), na 30206 ina tundu la milimita 30. Lakini motokaa nyingine hutumia beringi za vipimo vya inchi, na namba zake hazifuati kanuni hii. Kwa hiyo lililo bora ni kuichukua beringi ya zamani pamoja na namba yake, ukalinganishe mbele ya mwenye duka.

EKSELI ILIYOLIKA

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu hununua beringi mpya, akaifunga juu ya ekseli iliyolika, na baada ya miezi michache beringi hiyo nayo huharibika. Humlaumu mwenye duka bure.

Beringi ikikwama, moyo wake huanza kuzunguka juu ya ekseli badala ya rola kuzunguka ndani ya kikombe. Ndipo chuma cha ekseli kinapolika. Ili kujua, chukua beringi mpya ikiwa kavu na uivike kwenye ncha ya ekseli. Inatakiwa iingie kwa kusukumwa kwa mkono, lakini ikishaingia isitikisike. Ukiweza kuazima kalipa kwa fundi, pima mahali beringi inapokaa, pande mbili zilizo mbalimbali, ulinganishe na tundu la beringi. Kama chuma kimelika upande wa chini kuliko juu, huo ni mlio wa mzigo.

Kisha tafuta ufa. Hili ni jaribio jepesi awezalo kulifanya mtu yeyote. Safisha ncha ya ekseli, hasa kwenye shina lake, pale inapoanza kuwa nene, kwani ndipo panapobeba uzito mkubwa. Paka mafuta ya taa, ngoja robo saa, ufute mpaka pakauke kabisa. Sasa saga chaki ya shuleni na uipake unga wake mahali hapo. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda juu na kuchora mstari mweusi katika weupe wa chaki.

Ukishakagua, chagua dawa kulingana na ugonjwa:

Kwanza, kama kuna mikwaruzo tu na beringi haitikisiki, lainisha kwa msasa laini, ufute vizuri, na uendelee na kazi.

Pili, kama beringi inatikisika lakini ekseli haina ufa wala haikupinda, ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kukereza chuma. Ataongeza chuma kwa kuchomelea na kukereza mpaka kipimo cha awali, au atapunguza ncha na kuivika pete ya chuma iliyobanwa. Kazi hii haifanywi kwa tupa na jicho, maana ncha isipokuwa duara kamili beringi itabeba mzigo upande mmoja tu.

Tatu, kama kuna ufa, au ncha imepinda, au imegeuka buluu kwa moto, itupe. Tafuta ncha nyingine iliyo nzima. Usikubali ufa wa shina la ekseli uchomelewe juu juu. Chuma kilicho kando ya mahali palipochomelewa huwa kigumu na chepesi kuvunjika, na kitavunjika hapo hapo siku gari litakapokuwa na mzigo.

Nne, ziko dawa za uongo ambazo twaziona kila siku vijijini. Mmoja huvika kipande cha bati la kopo. Mwingine hufunga mpira wa tyubu. Wa tatu hupiga ekseli vitone kwa tindo ili beringi ibane, na wa nne huchomelea beringi kwenye ekseli. Bati husagika na unga wake huingia katika rola. Mpira huyeyuka. Vitone hulika kwa siku chache. Na moto wa kuchomelea huondoa ugumu wa chuma cha beringi. Fundi akikuambia mojawapo ya haya, mwambie asante, kisha uondoke na ekseli yako.

KUFUNGA BERINGI MPYA

Toa kikombe cha zamani kwa kukigonga kutoka ndani ya habu, huku na huku, kidogo kidogo, ili kisikwame mshazari. Safisha mahali kilipokuwa. Ingiza kikombe kipya, upande wake mpana ukielekea nje ya habu. Kigonge kwa kipande cha shaba, au kwa kutumia kikombe cha zamani kama kigongeo, lakini usigonge mahali rola zinapopita. Sauti ya nyundo itabadilika na kuwa nzito kikishafika mwisho. Vikombe vyote viwili vikikaa sawa, nyembamba ya beringi moja itaelekea nyembamba ya mwenzake.

Sasa grisi. Weka donge la grisi katika kiganja cha mkono safi. Shika beringi kwa mkono wa pili, na usukume upande wake mpana katika ukingo wa grisi hiyo, mpaka grisi itokee upande wa juu kati ya rola. Zungusha na urudie mpaka beringi yote imejaa. Kupaka grisi nje tu ni sawa na kumnawisha mtu uso ukadhani amekunywa maji. Ndani ya habu yenyewe weka grisi kiasi cha theluthi hadi nusu ya nafasi. Ikijaa mno huleta joto na kuifukuza sili mahali pake. Usitumie mafuta machafu ya injini, wala mafuta ya kupikia, wala usichanganye grisi za aina mbili.

Weka beringi ya ndani, kisha sili mpya, mdomo wake ukitazama upande wa beringi. Paka mdomo huo grisi kidogo. Rudisha gurudumu polepole, lisije likakata sili. Tia beringi ya nje, washa, na nati.

KUKAZA NATI

Hii ndiyo sehemu ya somo inayotaka uangalifu kuliko zote. Fuata hatua hizi:

1. Kaza nati kwa spana huku unalizungusha gurudumu, mpaka lianze kuwa zito. Hapo beringi zimekaa mahali pake.
2. Legeza nati mpaka iwe huru kabisa.
3. Kaza tena kwa vidole tu, bila spana.
4. Tazama tundu la pini. Kama halilingani na nafasi ya nati, legeza nati mpaka nafasi ya karibu. Usikaze ili kulitafuta tundu.
5. Tia pini mpya na upinde miguu yake. Msumari si pini. Msumari hukatika, na ukikatika nati hufunguka yenyewe.

Gurudumu lililofungwa vema huzunguka kwa urahisi, na ukilitikisa utahisi mchezo mdogo sana, au usiuhisi kabisa. Wako wanaoamini kwamba nati ikikazwa kwa nguvu zote gurudumu litakuwa salama zaidi. Sivyo. Rola zilizobanwa hupata moto, moto hukausha grisi, na beringi huungua.

Rudisha kifuniko cha habu. Kama kimepotea, tengeneza kingine kwa bati. Habu isiyo na kifuniko hula matope kila siku.

UTUNZAJI

Baada ya safari ya kwanza gusa habu tena. Baada ya wiki moja tikisa gurudumu na urekebishe nati ikiwa imelegea. Tangu hapo, fanya jaribio la kutikisa kila mwezi. Fungua, uoshe na kutia grisi mpya mara mbili kwa mwaka: kabla ya mvua za masika kuanza mwezi wa Machi, na tena kabla ya mvua za vuli. Gari likipita katika mto hata maji yakafunika habu, usingoje miezi hiyo. Lifungue wiki ile ile. Andika kila tarehe katika daftari la shamba, maana mali bila daftari huisha bila habari.

KWA WENYE PIKIPIKI ZA MIZIGO

Wakulima wengine, hasa walionunua kwa vikundi, wana pikipiki za magurudumu matatu au manne. Hizo ekseli yake ya nyuma huzungukia ndani ya nyumba ya chuma, na nyingi zina beringi za gololi zilizofungwa kwa mpira pande zote. Beringi za namna hiyo hazitiwi grisi, zikiharibika hubadilishwa nzima. Kanuni ya namba ni ile ile: 6205 ina tundu la milimita 25.

Inua nyuma na utikise gurudumu. Kama ekseli yote inacheza pamoja na gurudumu, beringi zimelika. Kama gurudumu lacheza lakini ekseli imetulia, tazama nati kubwa ya gurudumu, na meno yanayoshika gurudumu kwenye ekseli. Meno yakilika hayana dawa ya kuchomelea inayodumu. Badilisha kilicholika. Na wakati wa kufunga beringi mpya, gonga pete ile inayobana tu. Ukigonga pete ya nje ili kuingiza ya ndani, gololi zitachimba vishimo kabla hujawasha injini.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini moyo wa beringi na kikombe chake hubadilishwa pamoja?
2. Beringi yenye namba 30207 ina tundu la milimita ngapi?
3. Ukikuta tundu la pini halilingani na nati, utakaza au utalegeza? Kwa sababu gani?
4. Nenda sasa ukatikise magurudumu ya gari lako. Umeona nini?

Swali la nne halina jibu katika karatasi hii. Jibu lake liko uwanjani kwako, chini ya gari. Lijibu leo kabla ya jua kutua, na ikiwa gurudumu linacheza, gari lisibebe maziwa ya kesho. Azima la jirani kwa siku moja. Ni afadhali kuomba gari mara moja kuliko kuomba punda.